Kwa Nini Tela la Magodoro Hula Mafuta Kuliko Tela la Saruji

Chukua pikapu mbili za dizeli zinazofanana kwa kila kitu, zinazotoka Dar es Salaam alfajiri kuelekea Iringa, kila moja ikivuta tela. Katika tela la kwanza kuna mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 kila mmoja, imelazwa sakafuni kwa safu mbili tatu na haijafikia hata kingo za tela. Katika tela la pili kuna magodoro yaliyopangwa hadi yakapita paa la gari linaloyavuta, yakafunikwa turubai na kukazwa kwa kamba, na uzito wake wote hauzidi kilo 200. Muulize yeyote aliyesimama kituo cha mafuta pale Chalinze ni gari lipi litakalokula zaidi, naye atakuonyesha la saruji bila kufikiri mara mbili, kwa sababu tani moja ni tani moja. Kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, jibu hilo si sahihi. Magodoro ndiyo yanayokula zaidi, na tofauti yenyewe si ndogo.

Ili kuona kwa nini, yafaa kwanza kujua injini inafanya kazi gani hasa inapovuta. Kazi zake ni nne. Inayasukuma magurudumu yote, ya gari na ya tela, dhidi ya ukinzani wa tairi zinazobonyea na kurudi katika kila mzunguko. Inaipasua hewa iliyo mbele. Inaunyanyua uzito wote kila barabara inapopanda. Na kila baada ya kupunguza mwendo, inaurudisha mwendo uliopotea kwenye breki. Kazi ya kwanza, ya tatu na ya nne hutegemea uzito. Ya pili haijali uzito hata kidogo. Huangalia ukubwa wa uso unaokabili hewa, umbo la uso huo, na mwendo. Mabishano mengi kuhusu ulaji wa mafuta wakati wa kuvuta tela hutokana na kuzihesabu kazi hizi nne kana kwamba ni moja.

Tuziwekee tarakimu, nami nakiri mapema kwamba ni makadirio ya hesabu wala si vipimo vya gari fulani. Tuseme pikapu ikiwa na dereva na mafuta ina tani 2.2, na tela tupu lina kilo 500. Kwenye lami nzuri, tairi zikiwa na upepo wa kutosha, nguvu inayohitajika kuyazungusha magurudumu ni karibu asilimia 1.2 ya uzito. Msafara wa saruji wenye tani 3.7 utahitaji basi nyutoni 435 hivi (nyutoni kumi ni karibu uzito wa kilo moja), na ule wa magodoro wenye tani 2.9 utahitaji nyutoni 341. Tofauti ya nyutoni 94 haibadiliki sana uende polepole au kwa kasi, kwa kuwa ukinzani wa tairi hauongezeki sana kwa mwendo.

Hewa ina tabia nyingine kabisa. Nguvu yake huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, maana yake ukitoka kilomita 80 kwenda 100 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa robo lakini ukinzani wa hewa umeongezeka kwa asilimia 56. Pikapu peke yake kwa kilomita 100 hupambana na nyutoni 500 na ushei. Saruji iliyolala ndani ya tela fupi hujificha nyuma ya gari, na huongeza nyutoni 140 hivi tu. Magodoro yaliyozidi paa na kutokeza pembeni ni ukuta wa pili. Hewa iliyokwisha kupasuliwa na kioo cha mbele inajikusanya tena nyuma ya kabini, inagonga ukuta huo, kisha inaacha nyuma ya tela mkia mrefu wa msukosuko unaolivuta gari kurudi nyuma. Hapo ukinzani wa hewa, wa gari na tela pamoja, unakaribia nyutoni 930.

Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi. Kati ya hizo, tukisema asilimia 30 ndizo zinazofika kwenye magurudumu, nyingine zikitoka kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi, tunabakiwa na megajuli zisizofika 11 za kufanyia kazi. Ukizijumlisha nguvu za tairi na za hewa, ukazizidisha kwa umbali, kisha ukagawanya kwa nishati hiyo, pikapu isiyo na tela kwa kilomita 100 kwa saa itatumia lita 7.1 kwa kila kilomita 100, yenye saruji itatumia lita 10, na yenye magodoro lita 11.7. Kwa kilomita 80 kwa saa, tarakimu zinashuka hadi 5.4, 7.9 na 8.6. Barabarani zitakuwa juu kidogo ya hapo, kwa sababu sikuhesabu kiyoyozi, matuta, wala mguu wa dereva, lakini uwiano wake ndio utakaoukuta.

Zitazame tarakimu hizo kwa utulivu. Gari la magodoro likishuka kutoka kilomita 100 hadi 80 linaokoa lita 3.1 kwa kila kilomita 100, wakati kuondoa mifuko yote 20 ya saruji kwenye tela lile fupi kungeokoa lita 1.1 tu. Mwendo ambao misafara hiyo miwili hulingana ni karibu kilomita 58 kwa saa. Chini ya hapo saruji ndiyo mlaji, na juu ya hapo ni magodoro. Kwa hiyo yule mtu wa Chalinze hakukosea kabisa, maana jibu lake ni sahihi mjini, kwenye foleni ya Kimara na Mbezi, na kwenye barabara ya changarawe ambako ukinzani wa magurudumu huweza kuongezeka maradufu huku mwendo ukiwa mdogo. Anakosea mahali ambapo safari nyingi ndefu hufanyika, yaani kwenye lami iliyonyooka.

Lakini mlima je? Kila anayeifahamu njia hii ameshaanza kuuliza kuhusu Kitonga, ule mlima mkali kabla ya Iringa. Mji wa Iringa uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuunyanyua msafara wa saruji hadi hapo kutoka pwani hugharimu nishati ya lita tano hivi za dizeli. Wa magodoro, lita nne. Ni kweli barabara haipandi moja kwa moja, maana hushuka na kupanda mara nyingi kabla ya kufika, na kila inaposhuka hurudisha sehemu tu ya ulichokwisha kulipa. Hata hivyo tofauti kati ya saruji na magodoro kwa upande wa kimo peke yake ni lita moja na kidogo kwa safari ya kilomita zipatazo 500. Hewa, kwa mwendo wa kilomita 100, ingekuwa imeshaifuta tofauti hiyo kabla ya kufika Morogoro.

Kitonga ina sifa mbaya kuliko inavyostahili, na sababu yake naiona katika namna binadamu anavyokumbuka. Mahali penye mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100, pikapu yenye saruji ikipanda kwa kilomita 40 kwa saa inatumia mafuta kwa kiwango cha lita 25 kwa kilomita 100. Dereva anaiona namba hiyo kwenye dashibodi, anaisikia injini ikilalamika, anauona mshale wa joto ukisogea, na mbele yake lori linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tukio hilo halisahauliki. Ila kipande kikali chenyewe ni kifupi, na kilomita 10 kwa kiwango hicho ni lita mbili na nusu tu. Mwizi mkubwa alikuwa hewa ya saa tatu zilizopita, iliyoiba kimyakimya huku redio ikiimba na gari likionekana kwenda vizuri.

Mlima unagharimu kwa njia nyingine isiyoonekana katika hesabu ya kimo, nayo ni namna injini na gia zinavyoupokea mzigo. Injini ya dizeli hufanya kazi kwa ufanisi zaidi ikiwa imebebeshwa mzigo wa kutosha kwenye mizunguko ya wastani kuliko ikiwa inazunguka bure, kwa sababu msuguano wake wa ndani ni ada ya kudumu inayolipwa hata gari likiwa tupu. Ndiyo maana tela halizidishi ulaji kwa kadiri lilivyozidisha kazi, kwani ada ile imekwisha kulipwa. Injini ya petroli nayo hunufaika kiasi kwa kubebeshwa mzigo, lakini ikikandamizwa hadi mwisho, nyingi humwagiwa petroli ya ziada ili kupoza vyumba vya mwako, na petroli hiyo haifanyi kazi yoyote ya kuvuta. Ongeza kwamba lita ya petroli ina nishati pungufu ya ile ya dizeli kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na utaelewa kwa nini pikapu ya petroli inayoridhisha ikiwa tupu hugeuka kuwa mzigo kwa mwenyewe siku ya kuvuta.

Gari la otomatiki lina jambo lake pia. Kati ya injini na gia kuna chombo kinachopitisha nguvu kwa njia ya mafuta ya gia, na katika mwendo tulivu chombo hicho hujifunga ili pasiwe na kuteleza. Mzigo ukizidi kinafunguka, mafuta yanaanza kuteleza ndani yake, na dizeli uliyonunua inageuka kuwa joto la gia. Dalili yake ni gari linaloshindwa kuamua: linaingia gia ya juu, linachoka, linarudi ya chini, linaingia tena. Hapo ni afadhali dereva ashike gia ya chini mwenyewe, hata kama mshale wa mizunguko utapanda. Kwa gari la gia za mkono, kosa lake ni la upande wa pili. Ni kung'ang'ania gia ya tano huku injini ikitetemeka, kwa imani kwamba mizunguko michache ni mafuta machache. Hilux za zamani zenye injini ya dizeli isiyo na turbo huadhibiwa zaidi katika nyanda za juu, kwa sababu kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi na injini haina kitu cha kuisaidia kuvuta pumzi. Kuna fidia ndogo, nayo ni kwamba katika kimo cha Iringa hewa hiyo nyepesi hupunguza ukinzani wa mbele kwa karibu sehemu moja ya saba. Magodoro yanapumua hapo, ingawa injini haipumui.

Kuhusu mteremko, kuna tabia inayostahili kuelezwa kwa makini kwa sababu ni ya hatari na wala haina faida. Ni tabia ya kuliachia gari fri, yaani kutoa gia na kuliacha lishuke lenyewe. Dereva anadhani injini ikiunguruma kwa sauti ndogo inakula kidogo. Gari likishuka likiwa ndani ya gia huku mguu umetoka kwenye pedeli ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini nyingi za kisasa hukata mafuta kabisa katika hali hiyo. Ulaji ni sifuri. Ukitoa gia, injini inalazimika kuchoma dizeli yake ili isizime, na wakati huohuo umeikabidhi breki kazi yote ya kuzuia tani karibu nne zinazoteremka kwenye kona za Kitonga, na za tela mara nyingi ni hafifu au hazipo. Umelipa mafuta ili kuunguza breki.

Sasa vijiji. Kila mmoja anaujua mpangilio wake: alama ya 50, matuta, watoto wa shule, na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo chini ya mwembe. Kulipunguza gari la saruji kutoka kilomita 80 hadi 50 kwa kukanyaga breki, kisha kulirudisha kwenye 80, hugharimu mililita 50 hivi za dizeli, ambazo ni kama kikombe kimoja kidogo cha kahawa ya barazani. Kimoja hakiumizi. Vijiji 20 ni lita nzima, na ukipanga mambo kwa pupa, yaani kukanyaga mafuta hadi kwenye alama kisha kukanyaga breki, unavinywa vikombe hivyo vyote. Dereva anayeiona alama kwa mbali na kutoa mguu mapema, akaliacha gari lipungue lenyewe likiwa ndani ya gia, anaitumia nguvu iliyomo katika mwendo kusafiria mita mia kadhaa bila kuchoma chochote. Hapa uzito una kauli, na ndiyo sehemu ya safari ambapo gari la saruji linahitaji mguu wenye busara kuliko la magodoro.

Kabla hujasadiki namba zozote, zangu zikiwamo, pima mwenyewe, na upime kwa namna isiyokudanganya. Jaza tanki hadi pampu ikate yenyewe, andika kilomita, safiri, kisha jaza tena, ikiwezekana kwenye pampu ileile na gari likiwa limesimama vilevile. Gawanya lita kwa kilomita na uzidishe kwa 100. Nasisitiza lita kwa kilomita 100, wala si kilomita kwa lita kama tulivyozoea, kwa sababu mazoea hayo yana mtego. Gari linaloshuka kutoka kilomita 12 kwa lita hadi 8 linaonekana limepoteza nne, na linaloshuka kutoka 8 hadi 6 linaonekana limepoteza mbili tu. Zihesabu kwa safari ya kilomita 500. La kwanza limetoka lita 41.7 hadi 62.5, na la pili limetoka 62.5 hadi 83.3. Hasara ni ileile, lita 20.8, na mwenye gari la pili alikuwa anajipongeza. Ukumbuke pia kwamba tairi kubwa kuliko zile za kiwandani huifanya dashibodi ihesabu kilomita pungufu, hivyo gari linasingiziwa ulafi ambao halina.

Upepo wa baharini nao uingie kwenye daftari. Kusi na kaskazi zote mbili huja na mkono wa mashariki, na barabara kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro inaelekea magharibi. Mara nyingi basi unakwenda ukisukumwa na kurudi ukizuiwa. Upepo wa kilomita 20 kwa saa unaokukabili ukiwa kwenye mwendo wa 100 unaifanya hewa ikuone kama uko kwenye 120, na ukinzani wake unapanda kwa asilimia 44. Ndiyo sababu mtu aliyeshusha mzigo wote Iringa, akarudi na tela tupu lenye fremu na turubai lililobaki limesimama, hukuta ametumia mafuta pungufu kidogo tu kuliko aliyotumia wakati wa kwenda, ingawa amebeba hewa na safari nzima ni ya kushuka. Ameubeba ukuta uleule.

Kuna ulaji mwingine usiotokana na mzigo wala hewa. Ukisimama Chalinze, usiingie mgahawani kabla hujalizunguka tela. Sogeza kiganja karibu na katikati ya kila gurudumu bila kugusa. Yote yanapaswa kutoa joto linalolingana. Moja likitoa joto la pasi, huku kuna harufu kama ya kamba iliyoungua, basi breki yake imeng'ang'ania au bearingi imekauka grisi, nawe umekuwa ukilivuta tela lililofungwa breki tangu Kibaha. Tairi nazo zipimwe kwa geji zikiwa za baridi, maana macho hayatoshi. Ukinzani ukipanda kutoka asilimia 1.2 hadi 1.5 kwa sababu ya upepo mdogo, msafara wa saruji unaongeza lita moja nzima kwa kila kilomita 100. Ni karibu sawa na kuongeza tani nyingine ya mzigo, kwa kosa ambalo pampu ya shilingi chache ingelirekebisha.

Kwa mwenye magodoro, ushauri unatokana na hesabu yenyewe. Yabane yapungue kimo, hata kama itabidi urefu wa tela utumike wote. Mstari wa juu usizidi paa la gari. Turubai likazwe lisipigepige, na tela lisogee karibu na gari kadiri kona zinavyoruhusu ili hewa isipate nafasi ya kujikusanya katikati. Kisha mwendo. Kwa kilomita 190 hivi za kwenda Morogoro, kushuka kutoka 100 hadi 80 kunamgharimu nusu saa na kumrudishia lita sita hivi, ambazo anaweza kuzipigia bei kwa bei ya kikomo iliyotangazwa mwezi huo na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, na kuona kama nusu saa yake ina thamani zaidi.

Na wakati wa kurudi, aliyelaza fremu na kukunja turubai hana haja ya kupita Ruaha Mbuyuni mikono mitupu kwa kuhofia mafuta. Magunia mawili ya vitunguu ya kilo 100 kila moja, yakilala sakafuni chini ya kingo za tela, huongeza chini ya robo lita kwa kila kilomita 100. Akiyasimamisha juu ya tela ili apate nafasi ya kuweka na mikeka, hesabu inaanza upya.